Vibao vya Gurudumu la Shemeji

Mume wa mwanamke huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi yake huikagua kwa masikio. Wiki nzima amehangaika na gurudumu la michezo la mdogo wake, shemeji wa mkewe, lile moja tupu lisilo na kiti wala pedali. Vibao vyake viwili vya kukanyagia amevishusha chini ya ekseli, akavipanua na kuvikunja kingo ili miguu isichomoke mtu anaporuka. Kila akikaza nati hugonga kibao kwa ukucha, akatega sikio. "Bado inalia, haijakaza," husema, na spana huchomolewa tena kwenye mfuko wa shati, ambako haibanduki hata akienda msibani.

Leo shemeji yuko uwanjani, anarukaruka na gurudumu kama panzi, watu wanashangilia. "Vibao hivi," anapaza sauti, "nimeviunda mwenyewe, kwa mikono yangu hii!" Mke anaitazama mikono ya mumewe, imejaa malengelenge ya cheche. Mume katega sikio.

"Inalia?" mke anamuuliza.

"Nati ya upande wa kulia imelegea."

Mkono wake unapanda mfukoni, unaigusa spana, kisha unashuka mtupu.

"Mwache aruke," anasema. "Si yeye ndiye fundi?"