Tundu la Mfuko na Wakubwa Wangu Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa ubao hata mmoja. Vita vya mwaka wa themanini na sita vilikuwa vimekwisha, nyumba nyingi za Kampala hazikuwa na milango, nami nilikuwa nimetoka Bungoma, Kenya, nikiamini kwamba seremala yeyote angepokewa kwa shangwe. Fundi Mkuu wa karakana ile ya Namuwongo, kando ya reli, alikuwa Mkongo wa Bukavu tuliyemwita Papa Bahati. Alinipa jiwe la kunolea na rundo la patasi. Jioni alijaribu makali kwenye nywele za mkono wake, akasema, "Bado. Kesho tena."

Papa alikubali kiungo kimoja tu: ulimi na tundu. Unachonga ncha ya ubao mmoja iwe ulimi, unachimba tundu katika ubao mwingine, unatia gundi, unabana. Kitanda kimoja kilikula juma zima. Kikimaliza kukauka alikitikisa, na kikilia kidogo tu, alikivunja mbele yangu. "Weye Mukenya, unakimbia wapi?" Alinichosha kabisa mzee yule. Lakini hakuna kitanda chake kilichowahi kurudishwa na mteja.

Miaka mingi baadaye tulihamia Bugolobi, karibu na viwanda, na mwenye karakana akatuletea mpwa wake awe Meneja. Meneja alikuja na kisanduku. Ndani mlikuwa na jigi, kifaa kinachobanwa kwenye ubao ili kuielekeza drili iingie kwa mshazari. Tundu linalotokea huitwa tundu la mfuko, maana kichwa cha skurubu huzama humo kama mkono mfukoni.

"Hii kitu iko rahisi, ssebo," akaniambia, akiniita bwana kwa Kiganda. "Toboa, kaza, maliza. Sasa kila kitu tunafanya hivi."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Na ule mzee, kama hataki, aende apumzike."

Kifundo cha mkono wa kulia wa Papa kilikuwa kimeharibika kwa miaka ya kugonga nyundo, patasi ikimponyoka. Sote tuliona. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe mgonjwa. Nikamsihi ajaribu jigi.

"Hiyo ni kazi ya wavivu," alijibu, akanipa mgongo.

Basi nikajifunza mwenyewe ili nije nimfundishe, na sijawahi kuzichukia mbao kiasi kile. Skurubu ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ikatokeza upande wa mbele. Kisha nikaifunga vibaya pete ya biti, yaani ya ncha ya drili, ile inayoizuia isizame kupita kiasi, nikatoboa ubao hadi ng'ambo. Nikasahau kubana; kumbe skurubu ya mshazari husukuma ubao inapoingia, na fremu ya kabati ikatoka na kingo zisizolingana. Mkaratusi mbichi nao ukapasuka. Papa alikunywa chai yake akinitazama, na afadhali angenitukana.

Wakati huohuo Meneja alitulazimisha kutengeneza kwa jigi viti vya Mama Njeri, Mkenya mwenye hoteli ya chakula. Nilimweleza Meneja kwamba kiti mtu hukiegemea, akajinyoosha, na skurubu zitang'oka. "Na wewe umekuwa Papa?" akanijibu. Viti vikaenda. Haukupita muda, Mama Njeri akaingia akiburuta kimoja, mguu uliong'oka kaushika mkononi.

"Wafula, umeniuzia kiti ama mtego? Mteja wangu ameanguka na supu yake!" akanikaripia.

Meneja akanitazama mimi. Mimi! "Muulize huyo!" nilifoka, nusu ya Bugolobi ikasikia.

Papa aliinuka. Nilidhani atatucheka. Alikiokota kile kiti, akachungulia matundu yake.

"Kwa kabati, inashika?"

"Inashika, Papa. Kabati haliegemewi."

"Leta hiyo kitu."

Alizibana mbao kwanza, bila kuambiwa, akaishika drili kwa mkono wa kushoto na kuisukuma kwa uzito wa bega. Akakaza skurubu, akatikisa. Haikulia. "Kazi ya wavivu," akasema, akavuta ubao mwingine.

Habari ya kupumzika haikutajwa tena. Viti vya Mama Njeri nilivirudia mimi, kwa ulimi na tundu, Papa akinipigia kelele kutoka kwenye makabati yake. Alikaa nasi hadi binti yake alipokuja kumchukua, na mpaka siku hiyo hakuwahi kuisifu jigi.

Sasa nimestaafu, naishi Nsambya, na vijana wanaotaka kujitengenezea rafu nyumbani wananijia na kunishikisha simu zao nitazame picha. Nawaambia: kausha mbao, linganisha skurubu na unene wa ubao, bana kabla ya kukaza. Hawasikii. Wanataka tu kujua kiungo kipi ni bora. Namuuliza kila mmoja anatengeneza nini. Akijibu, "Chochote tu, mzee," namrudishia simu yake, namwambia aende kwanza akaamue kama kitabeba sahani au kitabeba mtu.