Bati Jekundu la Eulalie

Edouard ni mchoraji wa rangi za mafuta. Simsifu wala simsamehe; nasema niliyoyaona, maana tunakaa naye parseli moja, yaani ua mmoja, hapa Nyalukemba. Kila asubuhi isiyo na mvua alibeba kitambaa cha kuchorea na brashi zake hadi ukingo wa ziwa, akasimama mahali palepale na kuchora kilima cha Kadutu, ng'ambo ya maji. Rangi ya mafuta haina haraka, hukauka inapotaka. Picha moja ilimrudisha pale siku nyingi.

Uchoraji wake ulikuwa na ujanja. Kwanza aliweka nyumba zote, bati juu ya bati, kwa rangi ya kijivu, ili mteremko ukae sawasawa. Kijivu kikishakauka, alizifunika kwa kijani, akaotesha migomba na mikaratusi ambayo Kadutu haijaiona tangu enzi za babu zetu. Wageni wa mashirika ya misaada walipenda hivyo. Walitaka mlima na ziwa ukutani kwao, sisi na nguo zetu kwenye kamba tuliwaharibia mandhari. Ukimuuliza Edouard, alicheka: "Iko chini pale yote. Sijafukuza mutu."

Dada yake mkubwa, Eulalie, ambaye yeye alimwita Yaya, aliishi kule Kadutu na mumewe Anaclet, fundi viatu. Walipopaka bati lao rangi nyekundu, majirani waliwacheka, eti kibanda cha mbao kinataka kuwa kanisa. Kila Jumapili baada ya misa Eulalie alipita kwetu na ombi lilelile.

"Edouard, utachora nyumba yangu siku gani?"

"Vumilia, Yaya. Nimalize kwanza hii ya muzungu."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Vita vilifika mjini, wageni wakaondoka, picha tatu zikabaki ukutani kwake bila mnunuzi. Sasa alikuwa na nafasi tele, na bado hakuichora nyumba ya dada yake. Alikuwa anawangoja wageni warudi, mjinga yule.

Mvua za Aprili zikaja, na mchana mmoja udongo ukashuka. Ulichukua nyumba ya Eulalie, simu yenye picha zao zote, na Anaclet aliyekuwa ndani akishona kiatu cha mtu. Eulalie alikuwa sokoni. Baada ya mazishi Edouard alimleta kwake, akamtandikia godoro chini ya vile vilima vitatu vya kijani.

Asubuhi moja nilipowapelekea uji, nilimkuta Eulalie amesimama mbele ya ile picha kubwa.

"Ulisemaka nyumba iko chini. Na yangu iko?"

"Iko, Yaya," Edouard akajibu.

Eulalie akachukua kisu cha jikoni, akaishusha picha magotini, akaanza kukwangua. Edouard hakumzuia, na hilo peke yake namhesabia kuwa jema. Kijani kilibanduka vipande vipande, madoa madogo ya kijivu yakatokea, moja baada ya lingine, hadi kitenge chake kikajaa maganda ya rangi.

"Yangu iko wapi?"

Edouard aliinama, akatafuta, akaweka kidole. "Iko hii."

"Hapana. Yangu iko nyekundu."

"Niliiona, Yaya. Lakini nyekundu chini ya kijani inaleta rangi ya matope. Nikaiweka kijivu sawa zingine."

Eulalie akaweka kisu chini. Hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa hasira, na sufuria ya uji mkononi.

"Anaclet njo yeye alipandaka kule juu ya bati na ile rangi," alisema. "Mimi nilimutuma. Nilimwambia, paka nyekundu, mutoto wa mama yangu atatuona kutoka ng'ambo."