Bwana Shamba wa Kwenye Kihenge

Kihenge chetu kilikuwa kipana kuliko mlango wa nyumba yetu. Watu wakisikia hivyo huniuliza kiliingiaje, nami huwajibu kwamba hakikuingia, nyumba ndiyo iliyokifuata. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Bukiriro, mama alikataa katakata kuacha kihenge alichosukiwa na mama yake, kikapu cha kuhifadhia mazao ambacho mtu mzima angeweza kusimama ndani, kimekandikwa mavi ya ng'ombe hadi shingoni. Wanaume wanne walikibeba mabegani hadi kwenye kiwanja tulichopimiwa, wakakitua juu ya mawe matatu, na baba akajenga kuta kukizunguka. Viongozi waliokuja kukagua nyumba walicheka sana. Mama hakucheka. Aliwaambia kwamba wao wametumwa kuhamisha watu, yeye anahamisha chakula.

Kosa lilikuwa sakafu. Siku za kuhamia zilikuwa chache, kila mtu anakimbizana na paa lake kabla ya mvua, kwa hiyo udongo chini ya yale mawe haukushindiliwa vya kutosha. Kila masika jiwe moja lilizama kidogo. Tuliona, tukalisukumia kigae cha chungu chini yake, tukaendelea na shughuli zetu.

Kwenye kihenge hicho ndiko baba alikokuwa akinipima. Kilikuwa na mistari ya ususi iliyokizunguka, na kila alipotoka shambani alinisimamisha nikigusisha mgongo, akanikandamiza nywele kwa kiganja, kisha akatangaza nimefika mstari gani. Alikuwa mwongo mkubwa kwenye vipimo vile. Nikimkasirikia ananishusha mstari mmoja, nikileta maji ya kunawa ananipandisha. Halafu akaenda vitani na wanamgambo wenzake, nami nikabaki sina wa kunipima.

Mjusi alikuja baba akiwa hayupo. Alikuwa dume, wale wenye kichwa cha buluu wanaopenda miti na kuta, buluu ya wino wa shule. Alianza kwa kuota jua dirishani, kisha akahamia ndani, kisha akajimilikisha kihenge. Nilimzoeza kwa kumbikumbi hadi akawa anapanda mkononi mwangu na kuchukua chakula bila kuniuma. Mama alichukia mijusi kwa moyo wake wote, na mara mbili alimfukuza kwa ufagio. Siku moja akamwona akila fukusi waliokuwa wakitoka kwenye maharage, akaweka ufagio chini. Tulimwita Bwana Shamba, kwa kuwa alisimama juu ya mazao yetu akitikisa kichwa juu na chini kwa kuridhika, na jembe hakushika hata siku moja.

Vita vilipokwisha baba alirudi. Amerudi mzima, ndivyo watu walivyosema hadi sokoni Kanazi, na kwa kweli mikono ilikuwa miwili na miguu miwili. Lakini alirudi na vitu viwili visivyokuwapo. Kimoja kilikuwa Kiswahili. Nyumbani tulizungumza Kihangaza, Kiswahili tukakiacha shuleni na ofisini kwa viongozi, na sasa baba alikuwa akiomba maji kwa Kiswahili kama mtu aliyekuja kuandikisha kaya. Cha pili kilikuwa ukimya. Alikalia kinu kilichopinduliwa nyuma ya nyumba, macho yameelekea vilimani, na ukimwita ilibidi umwite mara tatu.

Wiki tatu zilipita hajanigusa hata bega. Mama aliniambia nimpe muda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na subira sina, kwa hiyo kila asubuhi nilisimama mgongo kwenye kihenge, nimenyooka, nikingoja apite anione. Alipita. Nilianza kuogopa kwamba aliyerudi ni mtu mwingine mwenye sura ya baba, na kwamba wa kwetu wamemsahau huko. Hofu hiyo sikumwambia mtu.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya kutwa nzima, nilikuwa nimesimama pale pale, naye akaingia kuchukua jembe. Nilisikia kitu kikiguna nyuma yangu, chini ya kihenge. Jiwe lilikuwa limezama moja kwa moja. Kihenge kikainama upande wa pili, kikaegemea ukuta, ukuta ukaachia, na maharage ya msimu mzima yakamwagika juu ya debe tupu lililokuwa pale chini. Kwetu sisi ilikuwa kelele ya maharage kwenye debe. Baba aliisikia vingine. Aliniangusha, akanilalia, akanifunika kichwa kwa mikono yote miwili, na kidevu changu kikagonga jiwe la jikoni.

Maharage yaliacha kumwagika. Baba hakuinuka. Nilisikia moyo wake ukigonga mgongoni mwangu, na sitaficha, kihenge hakikunitisha kama alivyonitisha yeye.

Mama alikuja akachuchumaa kando yetu bila kumshika. Alikuwa amegundua kwamba siku hizi baba husikia haraka zaidi akisemeshwa Kiswahili, basi akakusanya kile chake cha sokoni.

"Ni kihenge tu, baba watoto," alisema. "Kimeanguka chenyewe. Inuka porepore."

Aliinuka. Alitazama maharage, akatazama debe, na nikaona aibu ikimpanda usoni. Alikuwa anageuka kurudi kwenye kinu chake. Hapo ndipo nilipoangalia mahali Bwana Shamba alipokuwa akikaa, nikakuta hapapo tena, na damu ya kidevu ikinidondoka kwenye gauni nikasema kwamba mjusi wangu yumo chini.

Baba alisimama mlangoni. "Anapumua?" aliuliza.

Nilitegemea aniambie mijusi imejaa nje, nikachukue mwingine. Badala yake alivua koti, akakunja mikono ya shati, na akatuambia asiguse mtu. Mama alikuwa ameshachukua jembe ayavute maharage, baba akamnyang'anya taratibu. Tulichota kwa kata, kuanzia pembeni, kidogo kidogo, yeye akiwa ameweka sikio karibu na sakafu. Mama alimtazama, akanitazama, akaendelea kuchota. Sijasahau kwamba mwanamke yule, ambaye chakula chake cha mwaka kilikuwa kinalowa kwenye tope, alichota kwa kasi aliyoambiwa na hakuuliza neno.

Tulimkuta chini ya ukingo wa kihenge, kwenye upenyo ulioachwa na lile jiwe. Kichwa kilikuwa kimepoteza buluu yote, kimekuwa rangi ya majivu, na macho yamefumba. Nilinyoosha mkono. Baba akauzuia kwa kiwiko. Alitia bega chini ya ukingo akauinua, akaingiza kiganja chini ya mjusi, polepole, hadi akawa amelala mwili mzima juu ya mkono wake bila mgongo kupinda. Akamtoa hivyo hivyo, akamlaza juu ya ungo karibu na mlango penye mwanga, akapiga magoti.

"Mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini, "upo?"

Alisema kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu arudi, na papo hapo nikajua kwamba maneno yale amekwisha kuyasema kwa watu. Baadaye nilikuja kuambiwa kuwa huko alikuwa miongoni mwa waliobeba majeruhi. Siku ile hakuna aliyeniambia. Niliona mikono yake tu ikitangulia, kama mikono ya mama inavyotangulia kwenye ususi huku yeye anazungumza mengine.

Aliomba unyoya wa kuku, ule laini wa kifuani. Niliukimbilia uani. Aliuweka mbele ya pua ya mjusi, tukazuia pumzi zetu wote watatu. Unyoya ulitikisika. Baba akaitikia kwa kichwa, akaniachia niushike mimi, na kuniambia nikiona umetulia niseme.

Alifungua mdomo wa Bwana Shamba kwa ncha ya ukucha, akachungulia kama kuna damu. Alimfumbua jicho moja, kisha la pili. Alipitisha kidole kwenye uti wa mgongo, kifundo kwa kifundo, kutoka shingoni hadi mkia ulipoanzia, bila kuruka hata kimoja. Mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye sugu za jembe na za vitu vingine, na nakiri sijaona tangu siku ile mikono mikubwa ikifanya kazi ndogo vizuri vile. Nimelazwa hospitali kubwa, nimepimwa na wenye makoti meupe, na hakuna aliyenipapasa kwa heshima aliyopewa mjusi yule.

Nilimwonyesha mguu wa nyuma wa kulia uliokuwa umegeukia nje. Hakuugusa. Alishika wa kushoto.

"Unaanza na mzima," aliniambia. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza marefu kwangu. "Ushike hivi, ujue ulivyo. Usipoujua huu, ule mwingine utaujuaje?"

Nilishika. Ulikuwa mwembamba kama kijiti cha ufagio, na ulijaribu kunikimbia. Aliminya kidole kimoja cha mguu, ukarudi nyuma. Alifanya vivyo hivyo kwa miguu ya mbele. Mwisho akaenda kwenye ule uliogeuka, akauambia mguu utauma kidogo, akaunyoosha. Bwana Shamba alifumbua macho, akaachama mdomo wote kutaka kumng'ata.

"Ana hasira," baba alisema. "Vizuri sana. Ana hasira."

Akaufunga kwa vijiti viwili vya ufagio na uzi wa mgomba, kifundo kidogo kabisa, akaukata uliobaki kwa meno. Mama alisema mgonjwa huyo anahitaji jua, hilo yeye analijua kwa kuwa mara zote mbili amemfukuza akiota jua. Tukasogeza ungo mlangoni.

Wakati tunangoja, nilimtazama baba. Nilifanya kama alivyonifundisha, nikaanza na palipo pazima. Alilamba midomo kabla ya kufunga fundo, na huyo alikuwa baba. Alikata uzi kwa meno ya pembeni badala ya kumwomba mtu kisu, baba tena. Alipiga magoti goti la kushoto likitangulia. Alimsikiliza mama hadi mwisho, jambo ambalo wanaume wengi wa mtaa wetu hawakuliweza. Nilipofika mahali palipoumia nilijua sasa ni padogo kiasi gani, na pako wapi. Nilijivuna mno kuwa mtoto wake. Sikuwa nimejivuna hivyo hata siku watu walipomshangilia akishuka kwenye lori.

Jua lilipopanda, buluu ilianza kurudi, kwanza kidevuni, kisha juu ya macho. Muda mrefu Bwana Shamba hakufanya kitu. Halafu akainua kichwa, akatazama maharage yaliyotapakaa nyumbani mwetu, na akatikisa kichwa juu na chini mara moja, kwa kuridhika kabisa. Mama alicheka hadi akakaa. Mjusi alipona, na aliishi nasi hadi masika ya pili akitembea na mguu mmoja mkavu, akipanda kihenge, tulichokisimamisha tena, kwa upande.

Baba hakucheka. Alibaki amepiga magoti mbele ya ungo, mikono mapajani, na nikaona macho yake yameanza tena kuelekea kule vilimani. Niliona anakwenda, na safari hii sikutaka kumpa muda.

"Baba," nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile niliyoisikia kwake, "upo?"

Mama aliacha kuchota, kata hewani. Niliushika ule unyoya kwa nguvu hadi ukapondeka. Kisha baba akageuka, akanitazama, na nadhani ndipo alipoiona damu kwenye gauni langu.

Aliniita kwa kidole. Nilipofika alinishika kichwa kwa viganja vyote viwili, akanigeuza kwenye mwanga, na akaanza na shavu langu la kushoto lisilokuwa na kitu. Alilipapasa lote, polepole, hadi sikioni. Alipomaliza ndipo akavuka kuja kwenye kidevu kilichopasuka, na akaniambia pole kwa Kihangaza.