Samadi Niliyoiuza

Mimi nilikuwa mwanamke wa uwele. Sisemi kwa kujisifu. Au nasema kwa kujisifu, basi. Binti yangu alipokwenda mjini kutafuta kazi akaniachia mwanawe wa kike, nilimwambia, "Nenda, huyu kwangu hatalala njaa." Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, zizi ubavuni mwake, na kila mwaka kabla ya mvua tulibeba samadi kwa vikapu tukaimwaga shambani. Mama yangu alifanya hivyo, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Ikaja miaka ya soko huria, kila mtu auze alicho nacho. Mbolea ya dukani ikapanda bei, wenye zabibu wa karibu na mji wakaanza kuleta malori vijijini kutafuta samadi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mtu ananunua mavi! Dereva aliniamkia, akaniita mama mkubwa, nikamfungulia zizi. Walichota mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Mimi nikapata fedha ya bati la kuezekea nyumba.

Wifi yangu alisimama pale akitazama.

"Wifi, umeuza uji wa mtoto."

"Wivu tu. Wewe zizi lako lina nini? Kuku wawili?"

Mwaka ule uwele ulipungua, nikalaumu mvua. Nikauza tena. Mwaka uliofuata suke lilikuwa kama kidole changu cha mwisho. Mabua nayo yakawa haba, na mabua ndiyo chakula cha ng'ombe wangu kiangazi chote. Wakakonda, maziwa yakakatika, hata mavi yenyewe yakawa ya kuokoteza. Hapo ndipo nilipoona, mimi nisiyemaliza darasa la pili: shamba lilimlisha ng'ombe, ng'ombe akalilisha shamba, na wote wawili walitulisha sisi. Nilikata katikati, nikidhani nauza takataka.

Nikachukua gunia, nikatembea mpaka kwenye zabibu. Mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nataka gunia moja la samadi. Ilitoka kwangu."

"Bibi, imeshakwenda chini ya mizabibu. Utaifukua kwenye mizizi?"

Alicheka. Nami ningecheka, kama ningekuwa na kitu nyumbani.

Niliporudi mjukuu wangu alikuwa anakwangua sufuria ya jana kwa kijiko. Hakulia. Angelia ningempiga, nikapata nafuu. Nilimfunga kitenge kiunoni, nikampeleka kwa bibi yake wa upande wa baba, kule milimani Kondoa, ambako ghala bado lilikuwa na kitu. Alipoletwa kwangu alikuwa na mashavu. Mimi nilimpeleka magoti yakiwa makubwa kuliko mapaja.

Yule mama alimpokea, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akaenda kuwasha moto. Hakuniuliza neno. Laiti angeniuliza.