Fundi Anayeuliza Hereni Kabla ya Meno

Saa mbili asubuhi, fundi wa meno bandia ameshavaa barakoa, amewasha kifyonza vumbi na kuinamia kiunzi cha chuma kidogo kuliko kijiko cha chai. Anakisugua, anakiinua kwenye taa, anakisugua tena. Kila mara anachungulia dirishani, upande wa geti la kliniki.

Anamsubiri shangazi yake. Leo daktari wa meno, mwenye chumba ukuta wa pili, atamkagua kinywa baada ya wiki tatu za kuvaa meno mapya. Fizi zikikutwa zimevimba, shangazi ameapa hatavaa tena meno ya bandia maisha yake yote.

"Tangu juzi chakula hakishuki," anasema fundi huyu, mwenye miaka kumi na tisa kazini. "Nimetengeneza meno ya watu mpaka hesabu imenipotea, lakini haya manne yamenitoa jasho."

Ana sababu. Mwaka jana alimtengenezea shangazi huyo huyo meno manne yaliyoshikwa na kiunzi cha chuma. Chuma kipya kilipopungua, akajazia masalia kutoka kwenye kopo lililokaa rafuni miaka mingi. Kazi ikang'aa. Asichojua ni kwamba masalia yale yalikuwa na nikeli, madini ambayo ngozi za wengine hazina habari nayo, na za wengine haziyataki kabisa.

Kwa miezi mitano shangazi alivumilia mdomo unaowaka, huku akiwaringishia majirani meno aliyotengenezewa na mtoto wa kaka yake.

"Ningemwambiaje?" anauliza shangazi. "Kanifanyia kwa mapenzi. Nikasema labda ni mdomo wangu tu unaleta nyodo."

Siku moja fundi alimtembelea bila taarifa, akayakuta meno yamelala kwenye kikombe na mwenyewe anakula bila hayo. Akamwomba afungue mdomo. Kaakaa lilikuwa jekundu, limechubuka. Alipoinua macho, akaona masikio ya shangazi na hereni zake za uzi na shanga.

"Tangu nikiwa mtoto najua hereni za dukani zinamtoa vidonda," anasema. "Hizo za uzi nimemsukia mimi kwa mikono yangu! Halafu mimi huyo huyo nikamjaza chuma kinywani bila kuuliza ni chuma gani. Nililia."

Daktari wa meno alimpeleka shangazi kwa daktari wa ngozi, akabandikwa vipimo mgongoni kwa siku mbili. Palipobandikwa nikeli, madini yaliyomo hata kwenye hereni nyingi za dukani, pakavimba. Kobalti na kromiamu, metali nyingine za kutengenezea viunzi, hazikumfanya lolote. Fundi akatupa kopo la masalia, akaagiza chuma kipya kisicho na nikeli, akaanza upya.

Tangu hapo hachukui kazi kabla ya kuuliza: hereni zinakuwasha? Saa je? Kifungo cha suruali? Wateja wamembandika jina la Mama Hereni. Mzee mmoja alimjibu, "Binti yangu, mimi nimekuja kutafuta jino, sikuja kuchumbia."

Anacheka, lakini hatanii. "Akisema vinamwasha, namrudisha kwa daktari kabla sijawasha moto wa kuyeyushia chuma. Akisema haviwashi, bado nitamwandikia kilichomo kinywani mwake."

Saa tatu kasoro shangazi anaingia kwa daktari. Fundi anasimama mlangoni, barakoa imening'inia sikio moja. Daktari anamulika juu, chini, kisha juu tena, mpaka mtu unatamani kumnyang'anya tochi.

"Safi," anasema daktari. "Hakuna wekundu hata kidogo."

Shangazi anafungua mkoba, anatoa karanga za kukaanga na kutafuna kwa kelele za makusudi, pande zote mbili.

Mpango wa fundi sasa ni kumpa kila mteja kadi yenye aina ya chuma, namba ya pakiti yake na tarehe. Chuo alichosomea kimemwita akawaeleze wanafunzi habari ya lile kopo, naye amekubali, pamoja na aibu yake.

Kadi ya kwanza anampa shangazi, ambaye anaisoma polepole na kuitia kwenye mkoba.

"Safari hii yakiniwasha sinyamazi," anaonya. "Nitakuja nikupigie kelele mbele ya wateja wako."

"Njoo, shangazi," anasema fundi, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Njoo siku hiyo hiyo."