Aliyenishikia Nyaya

Ndugu zangu, tangu juzi siwezi kutazama sahani ya ugali bila kuona aibu.

Siku hizi watu binafsi wameruhusiwa kununua pamba, basi baba mkwe akaniita hapa Bariadi nizungushie ghala lake uzio. Kila nyaya zinapopishana naweka kishikizo cha chuma, nakichomelea. Nikishusha kinyago chenye kioo cheusi, naona cheche tu. Nyaya ananishikia shemeji yangu Maduhu, kaka wa mke wangu, na utani wetu hauna breki.

Maduhu akaenda kunywa maji, akakawia. Jenereta linanguruma, nikahisi mtu kando yangu.

"Shika hapa, mvivu wee! Fumba macho!"

Mikono ikashika. Nikachomelea huku nafoka: "Ulikuwa unakula nini muda wote huo? Ugali wa mama yako hata ng'ombe wanaukataa!"

Nikacheka peke yangu, nikazima jenereta, nikainua kinyago.

Mama mkwe! Mtu ambaye sisi Wasukuma hata kumkazia macho hatuthubutu. Amezungushia kanga mikononi, ameng'ang'ania nyaya, macho ameyafumba kabisa. Miguuni pake, ugali wangu umefunikwa vizuri.

"Nifumbue sasa, baba?" akauliza.