Kimya cha Chumba cha Nyuma

Dada yangu hakuweza kuchemsha maziwa. Aliyateleka, akakumbuka kuku hawajafungiwa, na njiani kwenda kwa kuku akaona shati linalohitaji kifungo. Tulikula ugali na harufu ya maziwa yaliyoungua. Halafu ule wasiwasi wake: hatuondoki mpaka asukume mlango mara tatu.

Lakini Jumamosi, tukipeleka mahindi kusagwa Thika, alinisuka nywele kwenye foleni, kinu kikinguruma kando yetu, na hakukosea mstari hata mmoja. Wakati ule sikulifikiria jambo hilo.

Tulitoka Magharibi mwa Kenya miaka ya hamsini, tukapata kazi Ruiru ya kuchambua kahawa. Unatoa punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Jioni nyapara anachota kiganja kimoja kwenye karai lako. Akikuta nyeusi mara tatu katika mwezi mmoja, unarudi kwenu. Dada alikuwa ameshakamatwa mara mbili, na mwezi haujafika nusu.

Nyapara hakuwa mtu mbaya. Alimhamishia chumba cha nyuma, peke yake.

“Huku hakuna umbea, mama. Utaona kahawa tu.”

Nilimshukuru. Saa sita nikampelekea dada chai, nikamkuta hajafika hata robo ya karai.

“Kimya hiki kinaongea,” aliniambia. “Kinaniuliza kama nilizima jiko.”

“Ulizima?”

“Sasa na wewe!”

Tulicheka, kisha akafuta macho. Akabeba kibao chake cha kukalia na karai, akaenda kukaa kwenye meza iliyo karibu na mashine ya kukoboa. Pale hakuna aliyetaka kukaa. Ukitoka, masikio yanavuma na nywele zimejaa maganda.

“Ameamua kuwa kiziwi!” wanawake wakapiga kelele.

Nilimtazama. Kwanza mabega yake yalifuata mdundo wa mashine, baadaye yakatulia, vidole tu vikawa vinakwenda. Nikamrushia punje. Ilimpiga shavuni. Hakugeuka.

Jioni nyapara alichota, akapekua kiganjani. Akachota tena kutoka chini kabisa ya karai. Nilishika kitambaa changu cha kichwa kwa mikono miwili.

“Kesho ukae hapo hapo,” alisema.

“Nini?”

“Nimesema hapo hapo!”

Dada alikaa pale miaka yote tuliyofanya kazi Ruiru. Jioni ile tulikuta jiko limezimwa vizuri. Maziwa niliendelea kuyachemsha mimi.